Nundu Mbili za Upande wa Pili: Jeti au Umbo la Mgongano?

Tangu kundi la STAR katika maabara ya Brookhaven, New York, lilipoonyesha mwaka 2003 kwamba katika migongano ya uso kwa uso ya viini vya dhahabu jeti, yaani mmiminiko mwembamba wa chembe zenye nishati kubwa, huonekana bila pacha wake wa upande wa pili, haibishwi tena kwamba kwaki na gluoni hupoteza nishati zinapopenya plazima, yaani maada moto ya kwaki na gluoni huru inayozaliwa katika migongano hiyo. Jaribio la deutroni na dhahabu, ambamo plazima kama hiyo haikutarajiwa na pacha huyo alionekana kama kawaida, lilimaliza ubishi.

Ubishi mwingine ulizuka pale watafiti walipopunguza kizingiti cha msukumo wa chembe: upande wa pili ulijaa tena, ila ukiwa na nundu mbili na bonde katikati. Wapo waliodai kuwa hiyo ni koni ya Mach, wimbi la mshtuko linaloachwa na kwaki inayopita plazima kwa kasi kubwa kuliko ya sauti ndani yake. Dai hilo lilivutia, lakini lilizaliwa na hesabu ya kutoa.

Katika vipimo hivi huchaguliwa chembe moja kuwa kianzio, hupimwa pembe kati yake na chembe nyingine za mgongano uleule, kisha huondolewa sehemu isiyotokana na jeti. Kilichoondolewa wakati ule kilikuwa hasa mtiririko wa umbo la yai, kwa kudhani kwamba viini viwili vya duara haviwezi kuzaa umbo la pembetatu. Mwaka 2010 Burak Alver na Gunther Roland walionyesha kasoro ya dhana hiyo: protoni na nyutroni hukaa kiholela ndani ya kiini, hivyo eneo la mgongano laweza kuwa na pembe tatu, na shinikizo huligeuza kuwa mtiririko wenye vilele kwenye nyuzi 0, 120 na 240. Kilele cha kwanza hufichwa na jeti ya kianzio. Viwili vilivyobaki vimekaa nyuzi 60 kila upande wa nyuzi 180, palepale penye nundu. Koni ya Mach, iwapo kasi ya sauti ni ile ya gesi bora ya chembe zisizo na uzito, ingetabiri takriban nyuzi 55, na ukaribu huo ndio uliopotosha.

Yaweza kupingwa kwamba mtiririko wa pembetatu hupimwa kutokana na jozi zilezile, hivyo hoja inajizunguka. Pingamizi hilo halina uzito mkubwa, kwani mwaka 2011 kundi la ALICE, CERN, lilizikuta nundu hizo katika asilimia 1 ya migongano ya viini vya risasi iliyo ya uso kwa uso zaidi, kwa chembe zilizoachana kando ya mhimili wa miale, bila kutoa chochote.

Haifuati kwamba plazima haiitikii jeti. Kundi la CMS, nalo la CERN, liliikuta nishati iliyopotea katika chembe za msukumo mdogo zilizotawanyika mbali na jeti. Ila umbo lolote la msukumo mdogo lililopimwa kabla ya mtiririko wa pembetatu kuondolewa halistahili kuitwa wimbi la mshtuko, na yaelekea kipimo safi zaidi kitatokana na kianzio cha fotoni au chembe Z, ambazo huvuka plazima bila kupoteza nishati.