Emmwanyi na Kaawa: Historia ya Ladha ya Kahawa Naguru, Kampala

Ikisiri

Katika mijadala ya sera za kilimo nchini Uganda husemwa mara kwa mara kwamba wananchi huilima kahawa bila kuinywa, na kwamba hawana budi kufundishwa. Makala haya yanaihoji kauli hiyo kwa kuifuata historia ya matumizi ya kahawa hadi katika kilima cha Naguru, mashariki mwa Kampala. Yanadai kuwa matumizi hayo ni ya zamani kuliko kilimo chenyewe cha biashara, ila yalichukua sura ambazo takwimu za soko hazikuundwa kuzipima: punje ya kutafuna, kahawa nyeusi ya tangawizi, na kahawa iliyochemshwa ndani ya maziwa.

Maneno mawili, mmea mmoja

Lugha ya Luganda ina maneno mawili pale ambapo lugha nyingi hutosheka na moja. Emmwanyi ni mti, tunda na punje. Ndiyo inayopandwa, kuvunwa, kuuzwa na kutafunwa. Kaawa ni kinywaji. Neno la kwanza ni la wenyeji, na jamaa zake wanapatikana katika lugha za jirani hadi Kagera, ambako Wahaya huita punje ya kutafuna akamwani. Neno la pili ni la kuazima. Limetoka katika Kiswahili, ambacho nacho kilitwaa kahawa na buni kutoka Kiarabu. Kwa hiyo hata Kiswahili kiliwahi kutenganisha punje na kinywaji, ingawa siku hizi buni husikika zaidi vinywani mwa wakulima na wafanyabiashara kuliko mezani.

Tofauti hiyo ya maneno ina historia ndani yake. Wafanyabiashara kutoka pwani walifika katika ikulu ya Buganda mnamo 1844, enzi ya Kabaka Suna II, wakiongozwa na Ahmed bin Ibrahim. Hukumbukwa kwa nguo, bunduki na Uislamu. Inaelekea kwamba mazoea ya kuchemsha kahawa na kuinywa yalipita katika njia hiyohiyo, kwani jina la kinywaji lilipita humo. Lakini mmea wenyewe haukuletwa na mtu. Robusta, ambayo jina lake la kitaalamu ni Coffea canephora, humea mwituni katika misitu ya Uganda, ukiwamo wa Kibale, na watu wa ukanda wa Ziwa Viktoria waliitumia kabla msafara wowote haujawafikia.

Ushahidi wa maandishi upo. Richard Burton, katika kitabu alichochapisha mwaka 1860, alieleza kahawa ya Karagwe kwa habari alizopewa na Waarabu wa Kazeh, yaani Tabora ya leo: tunda huchumwa bichi, hutiwa katika maji ya moto, kisha hutafunwa, na mgeni hakosi kupewa. Yeye mwenyewe hakufika Karagwe, jambo linaloonyesha jinsi habari za desturi hiyo zilivyokuwa zimeenea katika njia ya misafara. Nusu karne baadaye, John Roscoe (1911) alieleza jinsi Baganda walivyofunga omukago, udugu wa damu. Tunda la kahawa lenye punje mbili lilipasuliwa. Kila mmoja alichanja ngozi ya tumbo lake, akaipaka punje yake damu, kisha akampa mwenzake aimeze. Punje mbili zilizolala ndani ya ganda moja zilikuwa picha tosha ya ndugu wawili. Hapakuwa na kikombe wala birika katika tendo hilo, na ni vigumu kupata ithibati nzito zaidi kwamba jamii fulani inatumia kahawa.

Utayarishaji wa punje za kutafuna hutaka subira. Matunda huchumwa yakiwa bado ya kijani, huchemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa hadi yakauke. Mlaji huipasua ganda kwa meno na kuitafuna polepole. Ladha yake ni ya ukakasi na majani kuliko ya moshi na masizi inayotokana na kukaanga. Katika nyumba ya Kiganda, kijikapu cha emmwanyi kiliwekwa mbele ya mgeni kabla ya maneno mengi. Kukataa kulikuwa na maana yake.

Kutoka kijikapuni hadi gunia

Serikali ya kikoloni haikuwa na haja na kijikapu. Ilitaka mzigo wa reli. Pamba ilitangulia kuanzia 1903, na kahawa ikafuata kwa mwendo wa taratibu: arabika katika miteremko ya Mlima Elgon, ambako Chama cha Ushirika cha Bugisu kilianzishwa mwaka 1954, na robusta katika mashamba madogo ya Buganda, chini ya vivuli vya migomba. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1950 kahawa ilikuwa imeipita pamba katika mapato ya nje.

Biashara hiyo iliunda msamiati wake, na sehemu yake ni Kiswahili. Kahawa iliyokaushwa na maganda yake huitwa kiboko, na iliyokobolewa huitwa kase. Wapo wanaosimulia kwamba jina kiboko ni kumbukumbu ya mjeledi waliochapwa nao waliosita kupanda. Maelezo hayo yana mvuto, na huenda mvuto huo ndio unaoyaweka hai kuliko ushahidi. Hata hivyo, kwamba wakulima wenyewe huyasimulia ni jambo linalostahili kuzingatiwa. Katika mfumo huo mpya, emmwanyi iligeuka kuwa fedha ya karo, kodi na mabati. Bodi ya Masoko ya Kahawa, iliyokuwa na maghala yake Bugolobi karibu na reli, ilipewa ukiritimba wa kuuza nje. Mafanikio yake yalipimwa kwa magunia yaliyoondoka, na punje iliyobaki kijijini ilihesabika kama upotevu.

Naguru: nyumba za kota na birika la chai

Ng'ambo ya pili ya Barabara ya Jinja, kutoka maghala ya Bugolobi, ndipo penye vilima vya Nakawa na Naguru. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ilijenga hapo nyumba za kupanga kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na kati ya mitaa hiyo miwili Naguru ndiyo iliyohesabiwa kuwa ya hadhi ya juu kidogo. David Parkin, aliyefanya utafiti wake hapo mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu mwaka 1969, aliwakuta Wajaluo na Waluhya wengi kutoka Kenya, pamoja na watu wa makabila mbalimbali ya Uganda. Baganda walikuwa wachache kwa kulinganisha, kwa kuwa wengi walikuwa na mahali pengine pa kuishi katika ardhi ya ufalme wao. Kiswahili kilitumika sana kati ya majirani.

Muundo huo wa wakazi ndio ufunguo wa suala la ladha. Kijikapu cha emmwanyi hufanya kazi pale ambapo mwenyeji na mgeni wote wanajua maana yake. Mgeni kutoka Nyanza au Bungoma aliyewekewa punje kavu mbele yake hakuwa na namna ya kujua kwamba amekaribishwa. Chai haikuwa na shida hiyo. Kampuni za chai zilikuwa zimekwisha kujenga soko miongoni mwa Waafrika wa mijini. Majani, maziwa na sukari vilipatikana katika kila duka. Na kikombe kilieleweka na kila kabila. Kwa hoja hii, chai ilishinda Naguru kwa sababu ilikuwa lugha ya pamoja, kama Kiswahili chenyewe, wala haikuhitaji kuipita kahawa kwa utamu. Lugha nayo imehifadhi ushindi huo kwa njia isiyo ya heshima sana: katika Afrika Mashariki yote, zawadi ndogo ya kufungulia mlango uliofungwa huitwa chai, haiitwi kahawa.

Ikumbukwe pia kwamba pwani kahawa ilikuwa lugha ya pamoja ya aina hiyohiyo. Mombasa, Lamu na Zanzibar, kahawa chungu humiminwa kutoka dele katika vikombe visivyo na mikono, huku wanaume wameketi barazani na halua au kashata mkononi. Kinywaji hicho kiliambatana na baraza, na baraza iliambatana na mji wa Waislamu. Kampala ilikuwa na Waislamu wake, Baganda, Waswahili na Wanubi, na kahawa nyeusi yenye tangawizi haikukosekana kwao. Lakini nyumba za kota zilijengwa kwa mistari iliyonyooka kwa ajili ya mfanyakazi anayewahi zamu. Hazikujengwa na baraza.

Miaka ya 1970 ilivuruga mpangilio huo. Mwaka 1970 serikali ya Obote iliwaondoa wafanyakazi wengi wa Kenya, na mitaa ya Kampala Mashariki ikapoteza sehemu kubwa ya wakazi wake wa zamani. Kisha ukaja utawala wa Amin. Baridi kali iliyounguza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975 ilipandisha bei ya dunia, hadi ikapita dola 3 kwa ratili mwaka 1977. Mkulima wa Uganda alipata sehemu ndogo tu ya neema hiyo kupitia Bodi, hivyo kahawa nyingi ilivuka mpaka kwa magendo, na soko la Chepkube upande wa Kenya likapata sifa yake. Ndani ya nchi, viwanda vya sukari vya Lugazi na Kakira vilidorora na sukari ikawa adimu. Chai ya maziwa isiyo na sukari ni adhabu kwa aliyeizoea. Punje ya kutafuna haidai sukari, wala maziwa, wala mkaa.

Nyumba za kota za Nakawa na Naguru zilibomolewa mwezi Julai 2011 ili kupisha mradi wa mji mpya. Majirani wa miongo mingi walitawanyika kwa siku chache.

Vikombe vya leo

Naguru ya sasa ina makao makuu ya polisi, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 2012 kwa msaada wa China, majumba ya ghorofa juu ya kilima na vibanda vilivyosongamana chini yake. Unywaji wa kahawa unafuata mteremko huo. Juu na kandokando ya Lugogo, mteja huagiza espreso au kapuchino iliyotengenezwa kwa mashine, mara nyingi kwa arabika ya Elgon au ya Rwenzori. Katika mikahawa ya kawaida huagizwa kahawa ya Kiafrika, yaani unga wa kahawa uliochemshwa ndani ya maziwa, mara nyingi pamoja na tangawizi. Majumbani kuna kopo la kahawa ya kukoroga. Ni vyema kutaja kwamba Bukoba, ng'ambo ya ziwa, robusta ya Wahaya ina kiwanda chake cha kahawa ya kukoroga, Tanica, huku punje za kutafuna zikiendelea kuuzwa katika mji huohuo.

Wataalamu wa ladha hupenda kuitazama tangawizi na maziwa kama njia ya kuficha kahawa duni. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Robusta ina kafeini takribani maradufu ya arabika, ni chungu zaidi na nzito zaidi mdomoni. Kwa sifa hizohizo Waitalia huinunua kwa wingi na kuichanganya katika espreso zao, ambamo huongeza uzito na povu. Kwa sifa hizohizo Sudan imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda, na huko hunywewa pamoja na tangawizi na viungo vingine kutoka chombo cha udongo kiitwacho jabana. Mnywaji wa Naguru anayetia tangawizi katika robusta hafanyi kosa la mtu asiyejua kahawa. Anafanya kile ambacho mnunuzi wa Khartoum hulipia fedha za kigeni ili akifanye.

Sera imekuwa na mtazamo mwingine. Mamlaka ya Maendeleo ya Kahawa ya Uganda, iliyoundwa mwaka 1991 wakati ukiritimba wa Bodi unavunjwa, ilipewa jukumu la kukuza unywaji wa ndani pamoja na ubora na mauzo ya nje. Ilikabiliana kwanza na janga: ugonjwa wa mnyauko uliogunduliwa mwaka 1993 uliangamiza sehemu kubwa ya mibuni ya robusta. Katika ukuzaji wa unywaji, juhudi zake zilizoonekana zaidi zilikuwa mafunzo ya watengenezaji wa kahawa ya mashine na mashindano yao baina ya vyuo vikuu. Juhudi hizo zilizaa ajira kwa vijana na mikahawa yenye wahudumu hodari. Hazikumgusa muuza kahawa ya tangawizi, wala mkulima wa Masaka mwenye kijikapu. Ethiopia, ambayo hunywa takribani nusu ya kahawa yake, haikufika hapo kwa espreso. Jabana ya nyumbani ilitosha.

Novemba 2024, katika kikao kilichojaa vurugu, Bunge lilipitisha muswada wa kuirudisha Mamlaka hiyo ndani ya Wizara ya Kilimo. Mjadala ulihusu ubora, masoko ya Ulaya na hofu ya wakulima wa Buganda, na kwa haki, kwani katika mwaka wa fedha 2023/24 nchi iliuza nje zaidi ya magunia milioni 6 ya kilo 60 kwa zaidi ya dola bilioni 1. Suala la unywaji wa ndani lilipita pembeni. Hata hivyo jukumu hilo sasa liko mikononi mwa wizara, na pamoja nalo dodoso za kaya zinazouliza vikombe vingapi vimenywewa. Mzee aliyetafuna punje tangu alfajiri atajibu kwamba hajanywa hata kimoja, na atakuwa amesema kweli. Dodoso lenye safu mbili, moja ya emmwanyi na moja ya kaawa, lingeweza kujaribiwa kwanza Naguru, ambako wote wawili, mtafunaji na mnywaji, wanaishi katika mteremko mmoja.