Njia ya Ugogo na dakika za moyo

Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Tabora katika karne ya 19 ukishavuka milima ya Usagara ulipumzika Mpwapwa na kujaza vibuyu. Mbele, baada ya Chunyo, ilitanda Marenga Mkali, nyika ya kilomita 50 hivi isiyo na maji ya kutegemea, na ng'ambo yake vijiji vya Wagogo, ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita, ndipo mgeni akaruhusiwa kuteka maji. Kiongozi wa msafara alijua kisima kiko wapi, ni cha nani, na mwendo wa kukifikia ni wa muda gani. Asiyejua hayo alizika watu wake njiani.

Mwaka 2006 Tanzania iliiweka njia hii kwenye orodha ya awali ya UNESCO ya urithi wa dunia, ikiwa na vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Nimeifuata sehemu yake ya Ugogo nikitaka kujua jambo moja: mtu akianguka njiani, nani alimwokoa, na kwa kitu gani?

Mara nyingi hakuokolewa. Mei 1871 Henry Stanley alimwacha mwenzake William Farquhar pale Mpwapwa, miguu imevimba, hawezi tena kutembea. Alifia hapohapo. Miaka saba baadaye wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana, walijenga kituo Mpwapwa, na miongoni mwao alikuwamo daktari, Edward Baxter. Kwa mara ya kwanza mgonjwa wa njia hii alikuwa na mahali pa kupelekwa. Lakini bado ilibidi apelekwe, na apelekwe akiwa hai.

Mtu wa njia hii ninayemheshimu kuliko wote si Stanley wala Baxter. Ni Farijala. David Livingstone alipofariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, wenzake Waafrika waliamua kuurudisha mwili pwani. Lazima ungefunguliwa na kukaushwa, la sivyo ungeharibika. Farijala aliwahi kuwa mtumishi wa daktari Zanzibar, akaona maiti inavyopasuliwa. Akashika kisu. Moyo ukazikwa chini ya mti kijijini hapo. Mwili ukatiwa chumvi, ukakaushwa juani, na Abdullah Susi, James Chuma na wenzao wakaubeba hadi Tabora, kisha Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Farijala hakuwa daktari, ila aliona, akakumbuka, na saa ilipofika hakurudi nyuma. Bara letu lina watu wa namna hiyo tele, na kila ninaposikia kwamba huduma ya dharura ni kazi ya wataalamu peke yao, namkumbuka yeye.

Reli ya Wajerumani ilifika Dodoma 1910, na njia ya miguu ikaanza kusahaulika. Leo treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma Julai 2024, inapita Gulwe na Igandu kwa kasi ambayo mpagazi asingeiamini. Na Dodoma yenyewe ina Hospitali ya Benjamin Mkapa, iliyofunguliwa 2015, ambako mishipa ya moyo iliyoziba inazibuliwa. Zamani mgonjwa mwenye tatizo hilo alipelekwa Dar es Salaam au India.

Hayo ni maendeleo makubwa. Hata hivyo kuna ugonjwa usiongoja hospitali. Moyo ukisimama ghafla, mara nyingi huwa umeme wake umevurugika: misuli inatetemeka ovyo na damu haisukumwi. Mtu anaanguka, haitiki, hapumui sawasawa. Asipobanwa kifua wala kushtuliwa moyo, nafasi yake ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Akianguka Nyerere Square saa sita mchana, gari la wagonjwa litamfikia likiwa limechelewa, hata dereva awe hodari namna gani.

Dawa yake ni vitu viwili vya zamani kidogo. Mwaka 1960 William Kouwenhoven na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walionyesha kwamba kubana kifua kwa mikono tu kunaweza kuendeleza mzunguko wa damu. Miaka michache baadaye, kule Belfast, daktari Frank Pantridge alitengeneza difibrileta ya kubebwa garini, mashine ya kuushtua moyo kwa umeme urudie mapigo yake. Ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Mzigo wa mpagazi wa msafara ulikuwa frasila mbili, kilo 30 na ushee, kwa hiyo ingehitaji wanaume wawili, tena wenye nguvu. Za leo zina kilo mbili au tatu. Zinasema kwa sauti nini kifanyike, zinasoma mapigo zenyewe, na hazitoi umeme kama moyo hauhitaji. Zimetengenezwa kwa ajili ya kina Farijala.

Viwanja vya mpira vinatoa mfano. Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao FC alianguka mechi ikiendelea, akafariki. Miaka minne kabla, Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa ameanguka katika uwanja wa Tottenham jijini London. Moyo wake haukupiga wenyewe kwa dakika 78, naye yu hai hadi leo. Alibanwa kifua palepale kwenye nyasi, na mashine ilikuwapo uwanjani.

Ndiyo maana naliona suala hili kwa jicho la msafara: mashine ikae njiani kama kisima, mahali panapojulikana, na iwe na mwenyewe. Mwenyewe ni muhimu. Betri huisha hata mashine isipotumika, vibandiko vya kifuani hukauka, na jua na vumbi la Dodoma havina huruma. Bila mtu wa kuikagua kila mwezi itageuka pambo la ukutani. Na isifungiwe ofisini kwa meneja.

Shirika la Reli lianze na stesheni ya Dodoma na mabehewa yake, Jiji liweke stendi ya Nzuguni, Soko la Job Ndugai na Uwanja wa Jamhuri, na Bunge litenge fedha. Wahudumu wa treni, walinzi, mama lishe na bodaboda wafundishwe kubana kifua: katikati ya kifua, sentimita tano hadi sita kwenda chini, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuchoka mapema. Nawe msomaji, ukiingia jengo lolote lenye watu wengi, uliza mashine ya kushtua moyo iko wapi. Ukijibiwa kwamba haipo, uliza itawekwa lini.