Matone Matatu ya Krotoni: Historia ya Kubambua Ngozi ya Uso kwa Asidi

Mwezi Julai 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliwaonya wananchi wasinunue wala kujipaka, bila usimamizi wa mtaalamu, asidi kali za kubambulia ngozi zinazouzwa mitandaoni, kwa kuwa zinaweza kuwaunguza, kuwaachia makovu na kubadili rangi ya ngozi zao. Onyo hilo lilitoka katika mwaka uliotimiza nusu karne tangu watafiti Eugene Van Scott na Ruey Yu wachapishe, mwaka 1974, makala iliyofungua njia ya aina nyepesi ya tiba hiyo. Inasikitisha kwamba maarifa yaliyotafutwa kwa uangalifu mkubwa namna ile leo hutiwa vichupani na kuuzwa kwa yeyote mwenye simu.

Kubambua ngozi kwa asidi ni kupaka usoni, kwa muda uliopimwa, kimiminika kinacholegeza au kuunguza sehemu ya juu ya ngozi ili ipukutike na ngozi mpya ijitokeze. Ubambuaji mwepesi huishia kwenye epidemisi, yaani tabaka la nje, nao hutumika kupunguza chunusi, mabaka na ukavu, ukirudiwa kila baada ya wiki chache. Ubambuaji mzito hupenya hadi ndani ya demisi, tabaka lenye mishipa ya damu na nyuzi za kolajeni, na kidonda chake huchukua siku nyingi kupona.

Watu wa Misri ya kale hutajwa kila mara mada hii inapozungumzwa, pamoja na maziwa yao yaliyochacha, ambayo kwa hakika yana asidi ya laktiki. Utaratibu wa kitabibu, hata hivyo, ulianzia Ulaya katika karne ya 19, wakati Ferdinand von Hebra wa Vienna alipotumia kemikali kali kuondoa madoa ya uso, na mwaka 1882 Paul Gerson Unna, tabibu wa ngozi wa Hamburg, alipoeleza kazi ya asidi ya salisiliki, rizosinoli, fenoli na asidi ya trikloroasetiki. Baadaye Max Jessner, aliyefukuzwa na utawala wa Wanazi kutoka kliniki yake ya Breslau na hatimaye kuhamia New York, alichanganya rizosinoli, asidi ya salisiliki na asidi ya laktiki, gramu 14 za kila moja katika mililita 100 za alkoholi, ili kila kiungo kitumike kidogo na sumu yake ipungue.

Mvutano mkubwa kuliko yote ulizuka nje ya hospitali. Gregory Hetter, daktari wa upasuaji wa plastiki wa Las Vegas, ambaye mwaka 2000 alichapisha makala nne mfululizo kuhusu jambo hili, aliwarudishia nafasi yao watu waliosahauliwa na vitabu vya tiba, yaani wabambuaji wasio na shahada ya udaktari waliofanya kazi Los Angeles na Florida tangu kati ya vita viwili vya dunia. Miongoni mwao alikuwa Antoinette La Gasse, ambaye inasimuliwa kwamba alirithi mchanganyiko wake kutoka kwa baba yake, daktari Mfaransa aliyetibu majeraha ya baruti katika Vita Kuu ya Kwanza. Wabambuaji hao walipaka fenoli iliyochanganywa na mafuta ya mbegu za mkrotoni, wakaufunika uso kwa plasta kwa takriban siku mbili, kisha wakanyunyiza unga wa kukausha na kungoja gamba lidondoke. Vipimo vyao vilikuwa siri ya biashara. Madaktari waliwashutumu kuwa ni matapeli wanaochezea sumu, na shutuma hiyo haikukosa msingi, kwa sababu fenoli ikiingia mwilini kwa wingi huweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Hata hivyo, Thomas Baker, daktari wa Miami, alipotangaza njia yake mwaka 1961, mchanganyiko uliokuja kujulikana kwa jina lake na la mwenzake Howard Gordon ulikuwa na viungo vilevile: mililita 3 za fenoli ya asilimia 88, mililita 2 za maji, matone 8 ya sabuni ya maji na matone 3 ya mafuta ya krotoni. Hetter alifuatilia asili yake na kuonyesha kwamba elimu hiyo ilitoka kwa wabambuaji waliokuwa wakidharauliwa. Zaidi ya hapo, kwa karibu miaka 40 madaktari walishikilia kwamba fenoli ndiyo inayofanya kazi yote na kwamba mafuta ni nyongeza tu. Hetter alipobadilisha vipimo kimoja baada ya kingine, aliona kuwa fenoli peke yake haipenyi sana, na kwamba kina huongezeka kadiri mafuta yanavyozidishwa. Kwa hiyo tone moja tu lingeweza kutenganisha uso uliopona vizuri na uso wenye kovu, na ni haki kusema kwamba kiburi cha kitaaluma kiliwagharimu wagonjwa wengi.

Van Scott na Yu walifuata njia nyingine kabisa. Wakiwa Philadelphia, katika Chuo Kikuu cha Temple, walikuwa wakitafuta nafuu kwa wagonjwa wa ikthiosisi, maradhi ya kurithi yanayoifanya ngozi iwe na magamba kama ya samaki, wakagundua kwamba asidi za alfa-haidroksi hulegeza mshikamano wa seli zilizokufa bila kuunguza ngozi hai. Asidi hizo zimo katika vyakula vya kila siku: ya glaikoliki katika miwa, ya laktiki katika maziwa yaliyoganda, ya sitriki katika malimau. Asili hiyo ya kawaida isimdanganye mtu, kwa maana asidi ya glaikoliki ya asilimia 70 hukaa usoni kwa dakika chache tu, kisha ni lazima izimwe kwa maji yenye bikaboneti ya sodiamu, na hata asilimia hiyo haisemi kila kitu, kwani ukali hutegemea pia pH, yaani kiwango cha uchachu wa kimiminika.

Kwa wenye ngozi nyeusi, ambayo seli zake za melanini hujibu jeraha dogo kwa kuacha baka jeusi, ushahidi ulichelewa. Mwaka 1999 Pearl Grimes wa Los Angeles alichapisha matokeo ya watu 25 wenye ngozi nyeusi waliobambuliwa mara tano, kila baada ya wiki mbili, kwa asidi ya salisiliki ya asilimia 20 na 30. Wengi walipata nafuu ya kutosha na madhara yalikuwa madogo.

Katika Afrika Mashariki tiba hii huchanganywa kimakosa na mkorogo, ule mseto wa krimu za kujing'arisha ambao mara nyingi huwa na zebaki au haidrokwinoni, viambato vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimewafundisha wataalamu wa nchi nyingi za Afrika tangu miaka ya 1990, nacho kinastahili kuwa mstari wa mbele katika kuweka masharti ya saluni zinazotoa huduma hii. Wagonjwa wa Grimes wenyewe walitayarishwa kwa wiki mbili kwa haidrokwinoni ya asilimia 4 chini ya uangalizi wa daktari, na hakuna saluni inayoweza kuiga hatua hiyo kihalali.