Mayai katika Kifungua Kinywa cha Pemba

Mayai katika kifungua kinywa cha Pemba ni sehemu ya mapishi ya Waswahili wa visiwani ambayo wageni wengi huila bila kuitambua. Msafiri aliyefikia Ole, kaskazini ya mji wa Chake Chake katika Mkoa wa Kusini Pemba, akiomba mayai huletewa kimanda. Lakini yai lililofanya kazi kubwa zaidi asubuhi hiyo limo ndani ya mikate iliyopangwa kando ya birika la chai.

Chai na vitafunio

Chai ya asubuhi hupikwa kwa tangawizi, iliki na mdalasini. Karafuu nayo haiko mbali, kwani Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar. Pamoja na chai huliwa mhogo au ndizi za kuchemsha, mbaazi za nazi, vitumbua, mandazi, chapati au boflo. Nyumba nyingi hupasha pia kiporo cha wali wa jana. Mayai ni nyongeza kwenye sinia hili, na mara nyingi hutolewa kwa heshima ya mgeni.

Yai ndani ya mkate

Mkate wa kumimina ndio mfano bora. Mchele hurowekwa usiku, ukasagwa na tui zito la nazi, hamira na iliki, kisha rojo huachwa hadi ifure. Hapo hutiwa sukari na ute wa yai, ikamiminwa katika sufuria iliyopakwa mafuta na kushika moto. Chini kukishaiva, makaa huwekwa juu ya kifuniko ili uso wa mkate upate rangi. Mchele hauna gluteni, ile nguvu ya unga wa ngano inayozuia hewa isitoroke. Ute wa yai husaidia kuliziba pengo hilo. Ukikatwa vizuri, mkate huonyesha vitundu vingi na hunukia nazi.

Mkate wa mayai hauhitaji hamira wala mafuta. Mayai na sukari hupigwa mpaka povu liwe zito na jeupe, unga ukachanganywa taratibu, kisha mkate ukaokwa kwa moto wa juu na chini. Hewa iliyomo kwenye povu ndiyo inayouinua. Mpishi akiacha kupiga mapema, mkate hubonyea. Chapati za maji nazo, zenye unga wa ngano na maji, hupata ulaini wake kwa yai.

Kimanda na ndugu zake

Kimanda cha kawaida hutiwa kitunguu, tungule na pilipili mboga, kikaliwa kwa chapati au boflo. Tanzania Bara, mayai yaliyopigwa humiminwa juu ya mbatata za kukaanga yakawa chipsi mayai; Uganda, kimanda hukunjwa ndani ya chapati na kuitwa rolex.

Ulinganisho na Hispania

Msafiri Mswahili akifika Hispania atakuta jamaa wa chipsi mayai: tortilla de patatas, ambayo hutajwa katika hati ya eneo la Navarra ya mwaka 1817. Mbatata hukatwa nyembamba, zikaiva polepole katika mafuta ya zeituni, zikachanganywa na mayai na kugeuzwa kwa msaada wa sahani. Huliwa ya moto au baridi, mara nyingi katikati ya asubuhi kwa kahawa. Wahispania wengi huanza siku kwa kitu chepesi, kama mkate uliopakwa tungule na mafuta ya zeituni, au churros, vitafunio vya unga vya kukaanga, na chokoleti nzito. Bizcocho yao ni keki inayofanana na mkate wa mayai. Mwislamu na aulize kabla ya kula, kwa sababu baadhi ya tortilla hutiwa chorizo, soseji ya nguruwe, na huevos rotos, mayai juu ya mbatata, mara nyingi huja na nyama ya nguruwe.

Mwongozo kwa msafiri

Pemba ni kisiwa cha Waislamu kwa wingi mkubwa. Mwezi wa Ramadhani, migahawa mingi hufungwa mchana na mlo wa wanaofunga kabla ya alfajiri ni daku. Mgeni asiyefunga apange chakula chake mapema na asile hadharani. Miezi mingine, anayetaka mkate wa kumimina amwambie mwenyeji wake tangu jana yake, kwa kuwa mchele sharti ulale majini. Kimanda kinaweza kuagizwa asubuhi ileile. Mkate ndio unaostahili kusubiriwa, kwani humo ndimo ustadi wa mpishi wa Pemba unamoonekana wazi.