Uvimbe Uliopoa Wenyewe: Saratani ya Watoto na Protini Zinazozunguka Seli

Mwaka 1927 Harvey Cushing na S. Burt Wolbach, madaktari wa Boston waliokuwa na jina kubwa nchini Marekani, walichapisha habari za mgonjwa ambaye ugonjwa wake ulikwenda kinyume na yote waliyoyajua. Utotoni alikutwa na uvimbe kando ya uti wa mgongo, na kinyama kilichopimwa kikaonyesha saratani kali. Miaka kama kumi baadaye kinyama kingine kilipimwa. Seli changa za saratani hazikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na seli za neva zilizokomaa, zimetawanyika ndani ya tishu yenye nyuzinyuzi. Saratani ilikuwa imegeuka uvimbe usio na madhara.

Ugonjwa huo ulikuwa umepewa jina miaka 17 tu kabla ya hapo. James Homer Wright, mwanapatholojia wa Massachusetts General Hospital, alionyesha mwaka 1910 kwamba aina kadhaa za uvimbe wa watoto zilizokuwa zikihesabiwa mbalimbali zilitokana na chanzo kimoja, yaani seli changa za mfumo wa neva. Aliuita nyuroblastoma. Mara nyingi huanzia kwenye tezi ya adrenali, iliyo juu ya figo, na humshika mtoto kabla hajafikisha miaka mitano.

Kwa nini uvimbe mmoja umuue mtoto na mwingine wa aina ileile upoe wenyewe? Swali hilo lilichukua karibu karne nzima kupata jibu lenye mashiko, na sehemu ya jibu ilipatikana nje ya seli za saratani.

Dokezo la kwanza lilikuwa limetolewa London. Mwaka 1889 daktari mpasuaji Stephen Paget alichapisha kwenye jarida la The Lancet uchambuzi wa kumbukumbu za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Aliona kwamba ugonjwa ulisambaa sana kwenye ini na mifupa, lakini mara chache kwenye bandama, ingawa damu hufika kote. Akalinganisha seli za saratani na mbegu: hupeperushwa kila upande, lakini huota pale tu zinapokuta udongo unaozifaa. Kwa miongo mingi madaktari walishughulika na mbegu, wakausahau udongo.

Sehemu kubwa ya udongo huo ni mtandao wa protini na sukari ambao seli zenyewe huutengeneza na kuutoa nje. Wanasayansi huuita matriksi ya nje ya seli. Kolajeni huupa nguvu, laminini hujenga utando mwembamba unaobeba seli za ngozi na mishipa, na fibronektini huzisaidia seli kushikamana na mahali zilipo. Vitabu vya zamani viliueleza kama kiunzi tu, kisicho na kazi zaidi ya kuzishikilia seli.

Mambo yalianza kubadilika miaka ya 1970. Mwaka 1973 Richard Hynes, akifanya kazi London, alilinganisha seli za panya aina ya hamsta zilizo nzima na zile zilizogeuzwa na virusi kuwa za saratani. Juu ya seli nzima palikuwa na protini kubwa. Kwenye seli za saratani ilikuwa imetoweka. Ndiyo iliyokuja kujulikana kama fibronektini. Mwaka 1979 Rupert Timpl na wenzake waliitambua laminini kwa kuichuja kutoka kwenye uvimbe wa panya unaoitoa kwa wingi. Miaka michache baadaye zikapatikana integrini, protini zinazopenya utando wa seli na kuipasha seli habari za kilicho nje. Kiunzi kile, kumbe, kilikuwa kikizungumza na seli muda wote.

Jaribio lililowashangaza wengi lilifanywa California na Mina Bissell, mwanasayansi mzaliwa wa Iran. Kulikuwa na virusi vilivyogunduliwa na Peyton Rous mwanzoni mwa karne ya 20, ambavyo kifaranga akidungwa huota uvimbe wa saratani. Mwaka 1984 Bissell na David Dolberg walividunga kwenye kiinitete cha kuku, ndani ya yai. Virusi viliingia na vikafanya kazi, lakini uvimbe haukuota. Kisha wakazitoa seli zilizoambukizwa, wakazitenganisha na kuziotesha kwenye sahani ya maabara. Zikageuka za saratani. Jeni hatari ya virusi hivyo ilikuwa mlemle tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mazingira yaliyokuwa yameizuia.

Mwaka huohuo, mwanapatholojia Hiroyuki Shimada na wenzake walitoa mfumo mpya wa kupanga nyuroblastoma. Badala ya kutazama seli za saratani peke yake, waliuliza pia zimezungukwa na nini. Uvimbe wenye tishu nyingi ya seli za Schwann, zile zinazofunika neva, uliwekwa fungu moja. Usio nayo ukawekwa fungu jingine. Kisha huangaliwa umri wa mtoto, kiwango cha kukomaa kwa seli, na idadi ya zinazogawanyika au kusambaratika katika kila seli 5,000. Ndipo mgonjwa wa Cushing akaeleweka vizuri zaidi, kwa kuwa uvimbe uliokomaa hujaa tishu hiyo. Mfumo wa Shimada ulikuwa msingi wa ule wa kimataifa uliotolewa mwaka 1999.

Seli hizo za Schwann zilitoka wapi? Wengi walidhani ni seli za saratani zilizojigeuza. Mwaka 1996 Inge Ambros, Peter Ambros na wenzao wa Vienna walizichunguza kromosomu zake na kukuta ni za kawaida, tofauti na za seli za neva zilizokuwa jirani ndani ya uvimbe uleule. Kwa maoni yao, zilikuwa seli nzima za mwili zilizoingia kwenye uvimbe. Mwaka 2002 kundi la watafiti wa Chicago, wakiwemo Alexandre Chlenski na Susan Cohn, likaonyesha mojawapo ya kazi zake: hutoa kwenye matriksi protini iitwayo SPARC, ambayo huzuia uvimbe usijioteshee mishipa ya damu. Uvimbe usiopata damu haukui.

Matriksi haiko upande wa mtoto siku zote. Osteosakoma, saratani ya mifupa inayowapata zaidi vijana wanaobalehe, hutambuliwa kwa matriksi yenyewe: lazima mwanapatholojia aone seli za saratani zikitengeneza osteoidi, yaani mfupa mchanga usio na madini. Ndiyo iliyompata Terry Fox wa Kanada. Alikatwa mguu mwaka 1977 akiwa na miaka 18, na mwaka 1980 akakimbia kwa mguu wa bandia kilomita 5,373 kwa siku 143 akichangisha fedha za utafiti. Ugonjwa ulipofika kwenye mapafu, mahali unapopenda kuhamia, alilazimika kusimama. Alifariki mwaka uliofuata.

Hata kwenye nyuroblastoma, matriksi inaweza kuupa ugonjwa nguvu. Mwaka 2016 watafiti wa Valencia, Hispania, walieleza kwamba mpangilio wa nyuzi za matriksi na wa mishipa ya damu unaweza kuwatofautisha watoto walio kwenye hatari kubwa kupita wenzao wa kundi lilelile. Tangu hapo wameifuatilia kwa karibu protini iitwayo vitronektini.

Tiba bado iko nyuma ya maarifa haya. Silengitaidi, dawa iliyobuniwa kuziba integrini, ilishindwa kurefusha maisha ya watu wazima wenye saratani ya ubongo katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2014. Watoto wenye nyuroblastoma kali hutibiwa kwa upasuaji, tibakemia, mionzi, kingamwili, na dawa ya jamii ya vitamini A inayozisukuma seli zikomae, njia ileile ambayo uvimbe wa mgonjwa wa Cushing uliifuata bila dawa hiyo.

Uchunguzi ndio ulionufaika zaidi. Kutazama tishu inayozizunguka seli kwa mfumo wa Shimada kunahitaji kinyama kilichochukuliwa vizuri kabla ya tibakemia kuanza, rangi mbili za kawaida za maabara, hadubini, na mwanapatholojia aliyefunzwa. Kwa hospitali isiyo na mashine za kusoma jeni, huko ndiko pa kuanzia: kujua ni mtoto yupi anahitaji dawa kali, na yupi wa kufuatiliwa kwa karibu bila kutwishwa sumu asiyoihitaji.