Magurudumu manne yanakusukuma, hayakusimamishi

Wasee, kuna uongo mmoja tunaupenda: ati gari ikisukumwa na magurudumu yote manne, theluji haiiwezi. Hebu turudi kwa historia.

Mwaka wa 1980 Audi walizindua Quattro pale Geneva. Mtihani wake ukaja kwenye mbio za Monte Carlo. Januari 1983 theluji ilikuwa kidogo, na Lancia 037, inayosukumwa na magurudumu ya nyuma pekee, ikachukua nafasi ya kwanza na ya pili. Januari 1984 theluji ikajaa barabarani, Quattro zikabeba nafasi zote tatu za juu. Mshindi miaka yote miwili? Walter Röhrl, kwanza na Lancia, halafu na Audi.

Kwa hivyo faida ipo, lakini ni ya kukanyaga mafuta. Injini ya Quattro ilikaa mbele ya ekseli, na kwa kona pua hiyo nzito ilitaka tu kwenda moja kwa moja. Na breki je? Kila gari, hata Vitz, hufunga breki kwa magurudumu manne. Hapo Quattro haina cha ziada. Kinachoshika barabara ni tairi.

Hatari ni kwamba gari ikiondoka vizuri, husikii utelezi mpaka ukanyage breki, na saa hiyo umechelewa. Kama una ndugu Canada anatafuta gari ya msimu wa baridi, mwambie aanze na tairi za theluji.