Tapeti za Land Rover, njia ya Lusewa

Kabla Namtumbo haijamegwa kutoka Songea na kuwa wilaya mwaka 2002, safari ya Lusewa, ndani ya eneo hilo, ilitaka gari gumu, na kwa miaka mingi gari gumu maana yake ilikuwa Land Rover. Ulilisikia kabla hujaliona: tapeti zikigonga chini ya boneti.

Land Rover ya kwanza, iliyooneshwa Amsterdam mwaka 1948, ilikuwa na mpangilio wa ajabu. Valvu za kuingiza hewa zilikaa juu, kwenye silinda hedi. Za kutolea moshi zikabaki ubavuni, ndani ya bloku. Mwaka 1958 ikaja injini ya sentimita za ujazo 2,286, valvu zote nane zikiwa juu. Hiyo ndiyo mafundi wetu waliizoea. Haikuwa na mbio, na petroli iliinywa bila huruma, lakini ilifunguka na kueleweka.

Kemshafti imelala ndani ya bloku, cheni ikiizungusha kwa nusu ya mwendo wa krenki. Nundu yake huinua tapeti, tapeti huinua pushirodi, pushirodi huinua upande mmoja wa roka, na upande wa pili hushuka ukaikandamiza valvu. Nundu ikipita, springi huirudisha valvu kwenye kiti chake. Krenki ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila valvu imefunguka mara 1,000.

Kati ya roka na shina la valvu huachwa robo milimita, maana chuma kikipata moto hurefuka. Nafasi hiyo ndiyo hutoa mlio wa tapeti. Kuipima, fundi alihitaji fila geji, spana, bisibisi na kanuni ya tisa: valvu ya 8 ikiwa imefunguka kabisa, rekebisha ya 1, ya 7 ikifunguka, rekebisha ya 2, ya 6, rekebisha ya 3. Jumla daima ni tisa. Kazi hiyo ilifanyika hata chini ya mwembe.

Mwanzoni mwa 2006 petroli yenye risasi ilikuwa imeondolewa Afrika kusini mwa Sahara, hatua iliyochelewa mno kwa afya ya watoto. Ila risasi ile ilikuwa ikivikinga viti vya valvu. Kwenye hedi zenye viti laini, valvu za moshi zilianza kuzama taratibu, shina likapanda, ile robo milimita ikaliwa. Dereva akafurahi kwamba injini imetulia, kumbe tapeti iliyonyamaza ndiyo ya kuogopwa: valvu haifungi sawasawa, kingo zake zinaungua.

Wakati huo Toyota Land Cruiser ilikwishashika njia. Injini yake ya dizeli ya 1HZ, iliyoanza 1990, ina kemshafti juu ya hedi, haina pushirodi. Nafasi ya valvu hurekebishwa kwa kubadilisha visahani vya unene tofauti. Bisibisi haina kazi hapo. Haisumbui mara kwa mara, ni kweli. Lakini kemshafti hiyo huzungushwa na mkanda, na mkanda ukikatika pistoni hugonga valvu zilizo wazi na kuzipinda. Hapo hakuna kanuni ya tisa. Gari linavutwa mpaka Songea.